Model 30, 50 au 65: ni kichakataji kipi cha System/360 ukijenge upya kwenye FPGA?

Familia ya IBM System/360 ilitangazwa tarehe 7 Aprili 1964, na mpaka leo ndiyo kompyuta kuu ya zamani inayowavutia zaidi watu wanaopenda kujenga upya vichakataji kwenye FPGA, chipu ambayo saketi zake unaziunda mwenyewe. Michoro yake ya mafundi ipo, programu zake zipo, na maikrokodi (maagizo madogo ya ndani yanayoongoza kichakataji) ya baadhi ya modeli imehifadhiwa neno kwa neno. Lakini ukisema tu kwamba utajenga 360, bado hujasema kitu. Mpanga programu aliona mashine ileile kila mahali: rejista 16 za biti 32, rejista nne za nukta inayoelea za biti 64, anwani za biti 24, maagizo ya baiti 2, 4 au 6. Fundi akifungua mlango wa kabati alikuta kitu kingine kabisa katika kila modeli, na wewe mjenzi upo upande wa fundi.

Jambo moja lisemwe mapema. Kama haja yako ni kuendesha mfumo endeshi wa OS/360 na kuona kazi zikipita, FPGA ya nini? Pakua Hercules, emyuleta inayoendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, na jioni hiyohiyo utakuwa na mfumo unaofanya kazi. Ulinganisho huu ni wa anayetaka njia za data, rejista za ndani, saa na taa za paneli ziende kama zilivyokwenda.

| | Model 30 | Model 50 | Model 65 | Model 75 |
|---|---|---|---|---|
| Namba ya kichakataji | 2030 | 2050 | 2065 | 2075 |
| Upana wa memori (baiti) | 1 | 4 | 8 | 8 |
| Mzunguko wa memori (maikrosekunde) | 1.5 | 2.0 | 0.75 | 0.75 |
| Mzunguko wa kichakataji (nanosekunde) | 750 | 500 | 200 | 195 |
| Maikrokodi (maneno × biti) | 4,032 × 60 | 2,816 × 90 | 2,816 × 100 | hakuna |
| Rejista za programu zinakaa | memori ya pete za sumaku | memori ndogo ya pete | transista | transista |
| Memori kuu (KB) | 8–64 | 64–512 | 128–1,024 | 256–1,024 |

Wengi huanza kwa kutazama safu za kasi. Kwenye FPGA kasi haina uzito, maana hata bodi ya bei ya chini inaipita Model 75. Tazama safu ya maikrokodi. Zidisha: Model 30 ina biti 241,920, Model 50 ina 253,440, Model 65 ina 281,600. Wingi wa maikrokodi unakaribiana sana. Kinachotofautiana ni umbo. Model 30 ina maneno mengi membamba, kila moja likifanya jambo dogo. Model 50 na 65 zina maneno machache mapana, kila moja likiamuru sehemu nyingi za mashine kwa wakati mmoja. Neno pana likikosewa, kutafuta kosa ni kazi nzito, kwa sababu sehemu sita au saba zimesogea pamoja.

Model 30

Hapa kila kitu kinapita baiti moja moja. ALU, kitengo cha hesabu na mantiki, ni ya biti 8 na hufanya hesabu za jozi na za desimali. Upande mmoja inalishwa na rejista A, upande wa pili na B, na jibu linatoka kwenye basi la Z (kundi la waya za pamoja) kwenda kwenye rejista iliyochaguliwa. Rejista za ndani ni chache na zina majina ya herufi moja moja: I na J kwa pamoja hushika anwani ya agizo, U na V hushika anwani ya data, M na N hupeleka anwani kwenye memori, R hupokea baiti iliyosomwa, G hushika msimbo wa agizo, S ni ya hali. Mchoro mzima wa njia za data unaenea kwenye karatasi moja, na unaweza kuubandika ukutani.

Neno la maikrokodi nalo linasomeka. Sehemu ya CA huchagua chanzo cha A, CB chanzo cha B, CD mahali jibu linapokwenda, CK ni namba ya kudumu, CM na CU zinahusu memori. Anwani inayofuata hupatikana hivi: CN inatoa biti sita, kisha CH na CL zinachagua masharti mawili yanayojaza biti mbili za mwisho. Kila hatua basi inaweza kugawanyika njia nne. Ukielewa aya hii, umeshaelewa sehemu kubwa ya kitengo cha udhibiti cha 2030.

Gharama yake ni mwendo. Chukua agizo la AR, linalojumlisha rejista mbili. Rejista za programu hazina transista zake; zimewekwa kwenye sehemu ya pembeni ya memori ileile ya pete za sumaku. Mashine inasoma baiti mbili za agizo, kisha kwa kila baiti kati ya nne inasoma upande mmoja, inasoma upande wa pili, inajumlisha, inarudisha, huku hamisho (tarakimu inayobebwa) likitunzwa kwenye S. Hiyo ni mizunguko kumi ya memori, yaani maikrosekunde 15 kwa uchache, kabla ya kuhesabu hatua nyingine zozote. Kwa mjenzi, mwendo huu wa polepole ni neema. Unaweza kusimamisha saa, ukasogea hatua moja moja, na ukaiona baiti ikitembea.

Kosa linalowakuta wengi kwenye Model 30 ni memori. Kusoma pete ya sumaku huifuta, kwa hiyo kila usomaji una nusu mbili: kusoma, kisha kuandika tena. Maikrokodi inajua hilo na inalitumia. Inasoma baiti, inabadilisha R katikati, halafu inaacha nusu ya pili iandike thamani mpya. Ukiweka RAM ya kisasa na kuifanya ijibu papo hapo bila nusu ya pili, maagizo ya kusoma tu yatafanya kazi, yale ya kusoma-na-kubadilisha yataharibika, na utaenda kutafuta kosa kwenye ALU ambako halipo. Iache nusu ya kuandika iwe tukio lake lenyewe, linalochukua R na MN kama zilivyo wakati huo.

Maikrokodi ya mashine hii ilihifadhiwa kwenye CCROS, na mpango wake unafurahisha: kadi za plastiki zenye umbo la kadi ya kawaida ya kutoboa, zilizochapishwa vipande vya shaba. Kutoboa tundu huondoa bamba la kapasita, basi mahali hapo hapapitishi ishara. Kadi moja ina safu 12 za biti 60, kwa hiyo maneno 4,032 yanakaa kwenye kadi 336. Fundi aliyetumwa kwa mteja aliweza kubadilisha maikrokodi kwa kadi mpya iliyotobolewa. Kwako wewe mambo haya yote yanakuwa jedwali moja la ROM.

Model 50

Kama 30 inakuchosha kwa baiti zake moja moja, 50 ndiyo hatua inayofuata yenye maana. Njia ya data ni biti 32, kijumlishi ni cha biti 32, na pembeni yake kipo kitengo cha pili cha baiti moja kinachoitwa mova, chenye viingilio U na V na kitokeo W. Kijumlishi kinashughulikia namba na anwani. Mova hushika baiti, tarakimu na mantiki ya biti. Vyote viwili vinaamriwa na neno moja la biti 90, ndani ya mzunguko mmoja wa nanosekunde 500. Rejista za programu zipo kwenye memori ndogo ya pete yenye maneno 64, inayosomwa kwa nusu maikrosekunde, ikiwa huru na memori kuu.

Ugumu wake upo kwenye wakati. Memori kuu inachukua maikrosekunde 2, yaani mizunguko minne ya kichakataji, na maikrokodi imeandikwa kwa kutegemea hesabu hiyo. Inaagiza kusoma, inafanya kazi nyingine katikati, kisha inachukua data. Ukiifanya data ifike mapema hakuna atakayelalamika mpaka siku rejista ya memori itakapofutwa kabla haijatumika. Hesabu mizunguko kama ilivyokuwa, na mashine isimame pale tu ile ya asili iliposimama.

Jambo la pili ni chaneli, njia za kuingiza na kutoa data kwenye vifaa. Ndani ya Model 50 chaneli hazina mashine yake kamili. Zinaazima njia za data za kichakataji. Kifaa kikiita, maikrokodi ya programu inakatizwa katikati ya agizo, rejista inayohitajika inawekwa kando kwenye memori ndogo, maikrokodi ya chaneli inapita, kisha ya kwanza inarudishwa. Hapa ndipo miradi mingi ya 50 hukwama: majaribio yote ya kichakataji yanapita, lakini diski ikianza kusoma matokeo yanaharibika mara chache, bila mpangilio. Tengeneza jaribio linalolazimisha ukatizaji kwenye kila hatua ya agizo refu kama MVC (kuhamisha baiti) au ED (kupanga tarakimu za kuchapishwa), na ulifanye kabla hujaunganisha kifaa chochote.

Model 30 nayo inafanya hivyo kwa chaneli yake ya multipleksa (ya vifaa vingi vya polepole), maikrokodi ya chaneli ikiingia katikati ya ile ya programu. Tofauti ni kwamba vitu vya kuhifadhi ni vichache, na chaneli zake za selekta (za vifaa vya kasi, kimoja kwa wakati) zinachukua mizunguko ya memori kwa vifaa vyake zenyewe. Diski ya 2311 inatoa baiti 156,000 kwa sekunde, yaani baiti moja kila maikrosekunde 6.4. Memori ya maikrosekunde 1.5 ina nafasi ya kutosha hapo.

Model 65, 75 na 91

Kwenye 65 kazi inabadilika sura. Chaneli zimetolewa nje ya kichakataji na kuwekwa kwenye makabati yake: 2860 kwa selekta, 2870 kwa multipleksa. Memori nayo iko kwenye makabati ya 2365, ikigawanywa kwa zamu kati ya maneno ya shufwa na ya witiri ili usomaji uingiliane. Maana yake unajenga mashine tatu au nne, si moja. Kichakataji cha 2065 peke yake, chenye mzunguko wa nanosekunde 200 na maneno ya biti 100, kinawezekana kwa aliyemaliza 50. Bila 2860 au 2870, hata hivyo, hakina namna ya kupakia programu. Baadhi ya wajenzi huandika chaneli bandia kwa mtindo wa kisasa. Ni njia halali, mradi ujue kwamba nusu ya mashine si ya asili.

Model 75 haina maikrokodi. Udhibiti wake umefungwa kwa mantiki ya waya, kwa hiyo hakuna jedwali la kunakili. Kuna kurasa na kurasa za michoro ya mantiki, na kila lango ulisome kwa jicho. Kwa mradi wa mtu mmoja, iache.

Model 91, yenye mzunguko wa nanosekunde 60 na mpango wa Robert Tomasulo wa kutekeleza hesabu za nukta inayoelea nje ya mpangilio, ni ya kusoma. Mpango huo wa vituo vya kusubiri na basi moja la matokeo unaweza kuujenga peke yake kama zoezi la wiki chache, na utajifunza zaidi hapo kuliko kuhangaika na mashine nzima.

Model 40 inawavutia watu kwa sababu iko katikati. Ilibuniwa Hursley, Uingereza, na ndiyo iliyotangulia kufika kwa wateja mwaka 1965. Inasoma memori baiti mbili kwa maikrosekunde 2.5 lakini ALU yake bado ni ya biti 8, hivyo unabeba ugumu wa upana wa namna mbili bila kupata urahisi wa 30 wala nguvu ya 50. Mwenye paneli halisi ya 2040 ana sababu ya kuichagua, mwingine sidhani. Model 20 nayo isikuhadae kwa jina: ina rejista nane za biti 16 tu, na programu za kawaida za 360 haziendeshi.

Saa na lachi

Vichakataji hivi vilijengwa kwa moduli za SLT, vibamba vidogo vya kauri vyenye transista na resista zilizochapishwa, na hali ilitunzwa kwenye lachi, seli za kushika biti, zinazofunguka kwa awamu za saa. Ukinakili lachi hizo kama zilivyo, zana za FPGA zitapiga kelele kuhusu vitanzi vya mantiki, na hata zikikubali, bodi itafanya kazi leo na kesho igome baada ya kubadilisha mstari mmoja usiohusika. Tumia flipu-flopu za kingo (seli zinazobadilika saa inapopanda tu), zote kwenye saa moja kuu, kisha awamu za asili ziwe ishara za kuruhusu.

Chagua saa kuu inayogawanyika sawasawa. Mzunguko wa Model 30 una awamu nne, kila moja nanosekunde 187.5. Kwa saa ya MHz 50 hizo ni hatua 9.375, hazigawanyiki. Kwa MHz 32 ni hatua 6 kamili. Kwenye bodi yenye MHz 100, zidisha kwa 8 kisha gawa kwa 25. Model 50 inakaa vizuri kwenye MHz 50, hatua 25 kwa mzunguko, na Model 65 hatua 10. Hatua hizi za ziada zinatatua tatizo jingine pia: RAM ya ndani ya FPGA hutoa jibu baada ya kingo ya saa, kwa hiyo anwani ya maikrokodi lazima iwe tayari hatua moja kabla. Ukiwa na hatua sita ndani ya kila awamu, nafasi ipo.

Kuingiza maikrokodi

Kwenye michoro ya mafundi kila neno la maikrokodi limechorwa ndani ya kisanduku, na visanduku vimeunganishwa kwa mistari kama chati ya mtiririko. Nakala zilizopigwa picha huchanganya 0 na O, 1 na I, 8 na B. Usiamini programu ya kusoma herufi. Andika kila neno, geuza kuwa biti, kisha hakiki pariti (biti ya ukaguzi) iliyomo ndani ya neno lenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Kosa la biti moja linajitokeza hapohapo. Halafu hakikisha kila anwani inayotajwa kama hatua inayofuata ina neno kweli; anwani tupu ni dalili kwamba ukurasa umerukwa. Baada ya hapo andika kiigizi kidogo kwa C kinachotekeleza maikrokodi, ukiendeshe mpaka maagizo yote yapite, ndipo ufungue VHDL au Verilog, lugha za kuelezea saketi. Anayeanza na VHDL moja kwa moja atakuwa anatafuta makosa ya chapa kwa oskiloskopu.

Angalia pia toleo. Maikrokodi ya kiwango kimoja cha marekebisho na michoro ya kiwango kingine havipatani, na tofauti huwa ndogo kiasi cha kukupotezea siku. Nukta inayoelea ina mtego wake: mashine za mwanzo hazikuwa na tarakimu ya akiba (ya ziada, inayolinda usahihi) kwenye hesabu ndefu, IBM ikalazimika kuiongeza hata kwenye zilizokwisha kuuzwa. Majaribio ya baadaye yataikataa maikrokodi ya mwanzo ingawa umeinakili bila kosa.

Programu na bodi

Memori ndiyo inayoamua utaendesha nini. DOS/360, mfumo endeshi mdogo, inahitaji KB 16, kwa hiyo Model 30 inaibeba bila shida. OS/360 ya toleo la MFT inataka KB 128 na ya toleo la MVT KB 256, hivyo hizo ni za 50 kwenda juu. MVS 3.8j, ambayo wengi huanza nayo kwenye Hercules, ni ya System/370 yenye memori ya kubuni. Haitaanza kwenye modeli yoyote kati ya hizi.

Tuchukue bodi yenye Artix-7 35T, ambayo ina vitalu 50 vya RAM vya Kb 36. Kitalu kimoja hushika baiti 4,096 pamoja na pariti zake. Model 30 yenye KB 64 inatumia vitalu 16 kwa memori na 8 kwa maikrokodi, jumla 24, na nusu ya chipu inabaki. Model 50 yenye KB 128 inatumia 32 na 9, jumla 41; MFT inaingia, MVT haiingii. Kwa KB 256 unahitaji vitalu 64 vya memori peke yake, kwa hiyo tafuta bodi yenye SRAM ya nje. Epuka DRAM kwenye mradi wa kwanza, kwa sababu kuchelewa kwake kusikotabirika kutakulazimisha kusimamisha kichakataji mahali ambapo cha asili hakikusimama.

Kwa mtu wa kwanza jibu ni Model 30 yenye KB 64, MHz 32, bila nukta inayoelea mwanzoni. Jaribu kuhifadhi na kusoma baiti kwa swichi za paneli kwanza. Kisha upakiaji wa awali, ambao unasoma baiti 24 tu kutoka kwenye kifaa na kuziweka kuanzia anwani sifuri: nane za hali ya programu, na maagizo mawili ya chaneli ya baiti nane nane. Baiti hizo zikifika sawa na chaneli ikaendelea na agizo la pili bila kusaidiwa, unganisha picha ya kadi ya kisoma-kadi cha 2540 na uanze na programu za majaribio za mafundi, si DOS.